Wimbi Likiwa Limesimama

Jumatatu, 11 Agosti

Bahari imechafuka! Redio imesema mawimbi makubwa hadi Jumapili, kisha shwari. Wiki moja tu — na mimi sina mtu wa kunipigia kelele.

Sheria ya nyumba hii aliitunga mke wangu mwaka jana, nilipoteleza kwenye miamba nikavunjika bega: hakuna mtu ukutani, hakuna picha. Mimi nasimama chini kwenye miamba, kamba kiunoni, jicho kwenye kamera. Naona kipande cha maji tu. Mwenzangu yuko juu ya ukuta wa bahari, anaiona bahari yote. Akisema "Rudi!" nageuka. Siulizi. Kazi hiyo ilikuwa ya shemeji, naye amehamishiwa mbali.

Nikawa namlalamikia mke wangu jikoni. Mama mkwe alikuwa dirishani, kama kawaida yake tangu aje kukaa nasi baada ya msiba wa mzee. Kimya. Ukimuuliza kitu anajibu kwa kichwa. Mara akasema, bila kugeuka: "Nitakwenda mimi."

Mke wangu kaachia mwiko sufuriani. Mama mkwe anipigie kelele? Huyu ninayemwamkia nikiwa nimeinamisha kichwa?

Jumanne, 12 Agosti

Tumekwenda! Mama kavaa koti la mvua la mke wangu, limemfika miguuni.

Picha ninayoitaka ni moja. Wimbi likiwa limesimama, kabla halijavunjika, jua likipenya ndani yake na maji yakiwa kijani cha chupa. Ni kufumba na kufumbua. Kutwa nzima studio napiga picha za pasipoti, nawaambia watu wasicheke, wasifumbe macho. Mtaani wananiita Usicheke. Lakini wimbi haliambiliki.

Mara ya kwanza kuniita, mama alisema: "Samahani baba, naomba urudi." Alipofika kwenye "naomba" nilikuwa nimeshalowa chapachapa. Nikampandia ukutani, nikamwambia kwa upole, Mama, adabu tuiache nyumbani, huku tupige kelele. Akakohoa. Akajaribu. Haikutosha. Akajaribu tena — "RUDI WEWE!"

Mlinzi wa maegesho alitoka kibandani mbio. Na mimi mguu niponye! Nilipofika juu mama alikuwa anacheka, kajishika mbavu. Tangu msiba sijawahi kumsikia akicheka. Nilipomsimulia mke wangu, aliniuliza mara mbili kama nina hakika.

Jumatano, 13 Agosti

Picha zote bure. Kila wimbi zuri ndilo ninaloitwa nilikimbie. Nina mawimbi yanayokuja na mawimbi yaliyokwisha. Lililosimama sina.

Nikamuuliza mama kama angeweza kuchelewa kidogo kuniita. Kidogo tu! Akanitolea macho. "Mwanangu, nimeshazika mmoja. Sitazika mwingine kwa sababu ya picha."

Nikanywea. Nilijiona mjinga, na nilikuwa mjinga.

Basi kumtuliza, tulipokuwa tunangoja wingu lipite, nikampa kamera yangu ya zamani aichezee. Nikamwonyesha pa kutazama na pa kubonyeza. Akampiga picha mlinzi, akapiga kibanda, akapiga viatu vyake. Kufika nyumbani bado ilikuwa shingoni.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimelowa. Lenzi imelowa. Goti limechubuka, mgongo unawaka. Mke wangu yuko zamu hospitalini, hajui. Mimi na mama tumekubaliana hatajua.

Ijumaa, 15 Agosti

Amejua.

Nianze na jana. Jua lilitoka, maji yakaanza kupanda, nikawa nangoja sauti. Sauti haikuja. Nikasema moyoni, basi, salama, endelea kupiga. Halafu kivuli kikanipita. Nikainua uso — lo! Nikakimbia. Likanikuta njiani, likanibwaga kwenye mwamba, kamba ikanikaba kiuno. Bila ile kamba sijui leo angeandika nani.

Nilipopanda, mama alikuwa bado kashika kamera kwa mikono miwili. "Nilisahau," akasema. "Lilikuwa zuri, baba. Nikasahau kama upo."

Sikukasirika hata kidogo. Nani angemwelewa kuliko mimi? Na mtu anayempa mwangalizi wake kamera atamlaumu nani?

Leo studio nimezifungua picha zake kwenye kompyuta. Nikakaa chini. Wimbi lote, kutoka pembe hadi pembe, limesimama wima, kijani cha chupa, jua ndani yake! Na mbele yake mimi, kadogo, nakimbia, mdomo wazi, macho nimeyafumba. Mteja mwenye sura ile ningemrudisha kitini. Picha niliyoihangaikia miaka yote, kaipiga mtu aliyeshika kamera juzi. Wivu ulinichoma, sidanganyi. Kisha furaha ikaufunika.

Nikaichapa kubwa. Ujinga wangu huo! Mke wangu kapita kuchukua funguo, kaikuta mezani. Akaitazama muda mrefu.

"Nani kapiga?"

"Mama."

"Na nani alikuwa anaangalia?"

Akaikunja picha vizuri, akaondoka nayo.

Jumamosi, 16 Agosti

Nyumba imenuna. Mama karudi dirishani. Asubuhi nimeikuta kamera ya zamani juu ya meza yangu, imefungwa kwenye kitambaa chake. Iliniuma kuliko goti.

Baada ya chakula nikajikaza, nikamwambia mke wangu: mimi nitaacha mawimbi, hata leo, lakini mama asibaki pale dirishani. Kwamba hakuzembea. Alifurahi, basi. Tangu lini hajafurahi?

"Na ungezolewa, ningelia na nani?" akasema. "Na yeye tena?"

Ana haki. Wote wawili wana haki, ndiyo taabu yenyewe.

Akaingia chumbani kwa mama, akafunga mlango. Nikaosha vyombo polepole nisikie. Minong'ono tu. Halafu ghafla sauti ya mama, ile ya ukutani hasa: "MIMI SI MGONJWA!" Sahani nusura initoke. Kisha mmoja wao akawa analia au anacheka, sikuweza kutofautisha.

Jumapili, 17 Agosti

Naandika nimesimama, daftari juu ya friji. Mlangoni mwa friji mke wangu kaibandika ile picha. Mimi na macho yangu yaliyofumbwa! Wageni wote wataniona.

Redio inasema leo ndiyo mwisho, na mawimbi yameshapungua. Kutoka hapa jikoni nayasikia bado.

Mke wangu hayuko zamu. Ana kamba yangu mkononi, anamfunga mama kiunoni, anakaza fundo, analifungua, analikaza tena. Mama kavaa mabuti yangu na soksi nene ndani. Kamera iko shingoni. Sheria mpya imetangazwa: anayeangalia hashiki kamera. Mama atasimama mwamba wa juu, si pale pangu, na hatasogea hata unyayo. Mke wangu atakaa na kamba. Na ukutani nitakuwa mimi, mikono mitupu.

"Haya, tukusikie," kasema mke wangu.

"Mama, rudi, tafadhali," nikasema.

Wakatazamana.

"Hivyo anaita paka," kasema mama.

Sijawahi kumpandishia sauti mama mkwe maisha yangu yote. Na pale ukutani, jua likipenya kwenye maji, nitakumbuka kupiga kelele? Hilo mke wangu hajaniuliza, ila najua ndilo analoliwaza, maana hajaliachia fundo.

"Tena," anasema. "Kama kweli."

Wote wawili wananingoja, kamba katikati yao. Navuta pumzi —