Ngoma za harusi mbele ya jeneza

Shoga, upo? Nimetoka mazishini sasa hivi.

Leo mjukuu wangu alikuwa anajaribiwa, apewe kazi ya kupiga kinanda cha kwaya. Sauti za kinanda chake ziko kwenye kompyuta, akikanyaga pedali inakuja sauti nyingine.

Alianza vizuri mpaka watu wakalia. Akakanyaga aingize filimbi.

Zikaja ngoma za harusi aliyopigia jana! Ngoma, shoga! Na jeneza liko pale mbele!

Akakanyaga tena, masikini. Yakaja makofi na vigelegele.

Mjane akageuka, akamtazama tu.

Mwalimu wa kwaya akasema, "Binti, zima. Tutaimba wenyewe."

Wakaimba wenyewe, shoga. Na wakaimba vizuri kuliko siku zote, naye mjukuu wangu kakaa palepale kwenye kinanda, mikono mapajani.