Dhamana Aliyoitaka Bibi

Columbia Heights, 14 Januari 2025

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Sisi wazima huku ughaibuni, ila baridi ni kali. Jana nywele zangu ziliganda nikisubiri basi.

Naandika kwa sababu kwenye simu watu hukicheka Kiswahili changu, na ninayetaka kumsema alikuwa ameishika simu yenyewe. Jumapili ulipokata, Baba Mkubwa Kitwana alicheka. "Mama anadhani boti ni mbuzi wake! Eti Nahodha Maombi analalamika maji yanaingia. Boti liko ziwani, alitaka liingie vumbi?" Baba naye akacheka. Kisha wakapiga kura, wawili peke yao kwenye kochi moja, na Baba Mkubwa akatangaza kwamba wengi wameshinda: boti litapakia saruji na kwenda Kalemie bila matengenezo.

Bibi, mtu huyo huvaa viatu vya meno ya chuma kutoka kwenye gari hadi mlangoni kwetu, kwa kuogopa barafu ya ngazi tatu. Ndiye anayeamuru wengine wavuke ziwa.

Shuleni naandika juu ya meli moja ya biashara ya Uingereza, ya miaka mia tatu na hamsini iliyopita. Ilikuwa na wenye hisa wanane. Saba walitaka isafiri. Wa nane, mjane, alisema mbao zimeoza. Mahakama ikaamua hivi: wengi wanaweza kuisafirisha, lakini kwanza wampe anayekataa dhamana kwamba itarudi. Bila dhamana, haing'oi nanga.

Nawe una theluthi yako aliyokuachia Babu.

Mjukuu wako,
Wema

*

Ujiji, 30 Januari 2025

Mke mwenzangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, lakini limenifikisha mahakamani. Maombi anaipiga picha barua hii akutumie.

Hakimu ni kijana kuliko baba yako. Sikumsumbua na habari za Waingereza wako kwanza; nilimwomba twende bandarini. Aliingia botini na soksi kavu, akatoka anazikamua. Hapo ndipo nilipomweleza habari za mjane wako. Amelisimamisha boti mpaka wanangu watoe dhamana nitakayoridhika nayo.

Kitwana ametuma wakili, kijana ananukia kama harusi. Akasema mteja wake anaweka dhamana kiwanja chake cha Kibirizi. Nikamwambia, "Baba, kiwanja hakizami. Maombi anazama. Wanangu wamesema boti ni zima. Basi mmoja wao aje akae juu ya saruji, aende Kalemie na kurudi. Hiyo ndiyo dhamana." Hakimu alicheka, halafu akaandika.

Wasomee kwa sauti. Hao wasomi wangu wawili, mmoja amesomea hesabu na mwingine kutibu watu, hawajawahi hata kushika ndoo ya kuchota maji ya boti lililowalipia ada.

Bibi yako

*

Columbia Heights, 9 Februari 2025

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama. Mimi sijambo, lakini silali vizuri.

Niliwasomea. Baba Mkubwa akasema huu ni msimu wa kodi, wateja wanamtegemea. Kisha akasema mgongo. Kisha akamgeukia Baba, akasema, "Hemed, wewe ndiye mdogo."

Sijui nilipata wapi sauti. Nilisema, "Baba Mkubwa, kama boti ni zima, unaogopa nini?"

Hakuna aliyekicheka Kiswahili changu. "Huyu mtoto anafundishwa nini huko shuleni?" akauliza, akavaa meno yake ya chuma, akaondoka.

Lakini Baba ameomba likizo hospitalini. Ndege yake ni Jumatano. Hakusema kwamba boti ni bovu wala kwamba ni zima; alisema tu, "Mama ameniita." Bibi, niliitafuta sheria ile ili tuwashinde, na sasa dhamana yenyewe ni baba yangu. Tafadhali mwambie hakimu umebadili mawazo.

Mjukuu wako,
Wema

*

Columbia Heights, 19 Februari 2025

Bibi,

Shikamoo. Baba hapokei simu. Wewe pia hupokei. Boti limeondoka?

Wema

*

Ujiji, 21 Februari 2025

Mke mwenzangu,

Marahaba, na pole. Sote wazima, na baba yako anakula kuliko mafundi.

Alipanda alfajiri amevaa jaketi okozi jipya. Kitwana ndiye aliyempa aje nalo. Huo ndio mchango wake. Nikamtazama mwanangu, nikasema, "Boti zima, na koti la nini?" Akakaa juu ya saruji kusubiri karatasi za forodha. Zilichelewa. Kufika adhuhuri begi lake lilikuwa linaelea, simu ikiwa ndani. Saruji ya chini imeshakuwa jiwe. Na kamba, mjukuu wangu, ilikuwa bado imefungwa gatini.

Akashuka. Akamwambia Maombi, "Nisamehe, kaka," mbele ya wapagazi wote, kisha akaenda mwenyewe kuwaita mafundi. Sasa hivi yuko tumboni mwa boti anabomoa saruji kwa nyundo. Anaishika vibaya, lakini anaishika.

Kura tumeipiga upya hapa jikoni: wawili kwa mmoja. Mwambie Kitwana wengi wameshinda, boti litatengenezwa. Kama hakubali, sheria ya mjane inamruhusu kudai dhamana. Nitampa jaketi lake. Ila kuku wangu ameshaatamia mayai juu yake, kwa hiyo asubiri vifaranga watoke.

Bibi yako