Nilihamisha Alama ya Nyumbani

Mpendwa Shangazi, naomba unisaidie kabla mdogo wangu hajarudisha simu yake Jumatatu, na tafadhali usinionee huruma haraka, maana ukifika katikati ya barua hii utaona sistahili.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea sebuleni kwetu, na naishi na mdogo wangu wa kiume ambaye haoni tangu akiwa na miaka saba. Anafanya kazi zahanati, anakanda wagonjwa wenye misuli iliyokaza, na watu wanapanga foleni kwa ajili ya mikono yake. Kwa miaka kumi na tisa nimempeleka asubuhi na kwenda kumchukua saa kumi jioni, yeye kanishika kiwiko, tunabishana njia nzima, majirani wakatuita pete na kidole, na hata mchumba niliyekuwa naye nilimwacha aende kwa sababu alitaka tuhamie mbali, na jambo hilo sijawahi kumwambia mdogo wangu.

Mwaka jana chama chao cha wasioona kikampa simu inayosema njia. Inamwambia mita ishirini mbele pinda kulia, umekaribia ngazi, umefika. Alama ya mahali haiwekwi mpaka mtu asimame pale pale, nami ndiye niliyeziweka zote, zahanati, kinyozi, duka la dawa, nyumbani. Mwezi wa kwanza nilimfuata nyuma kimya kimya, mwezi wa pili akanigundua kwa mlio wa viatu vyangu, akacheka, akasema, "Dada, nenda ukashone, nimekua." Shangazi, watu walinipongeza nami nikatabasamu, lakini kila ikifika saa kumi nilikuwa natoa mguu kwenye cherehani, navaa viatu, halafu nakumbuka sina pa kwenda, basi navivua.

Asubuhi moja, yeye akioga, nikaichomoa simu yake kwenye chaji, nikatoka nayo hadi mtaa wa nyuma, nikasimama mbele ya geti la wachomeleaji, nikahamishia pale alama ya nyumbani. Nilitaka apotee kidogo tu, dakika kumi, anipigie aseme dada njoo. Sikujua kwamba mchana ule ule wangechimba mtaro wa mabomba pale. Utepe wa tahadhari waliufunga usawa wa kiuno, fimbo yake ikapita chini, akaanguka, akavunjika mkono wa kulia, ule wa kazi.

Nilipotumwa nyumbani kuleta nguo zake za kulalia hospitalini, simu yake nilikuwa nayo mimi, nikasimama kwanza getini kwetu nikairudisha alama. Kwa hiyo fundi wa chama alipoikagua simu alisema ni nzima, haina kosa lolote. Mdogo wangu akasema, "Ile kona niliihisi si yenyewe. Basi ni kichwa changu, dada."

Plasta imetolewa wiki tatu sasa na kazini amerudi, lakini hata kwa kinyozi haendi bila mimi. Amenishika tena kiwiko kama nilivyotaka, ila njiani habishani tena. Jumatatu anairudisha simu chamani, eti apewe mwenye kichwa kizima. Gazeti hili namsomea mimi kila Jumapili, na safu yako ndiyo anayoipenda kuliko zote, kwa hiyo naomba ubadilishe mambo kidogo, unijibu kwa namna ambayo naweza kumsomea kana kwamba ni habari za watu wengine, nisikie atasema nini.

Mimi, Dada Mtu.

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nililia, mara ya pili nilitaka kukuchapa.

Miaka kumi na tisa si mchezo. Uliifanya kazi ambayo hakuna aliyekuuliza kama umechoka, na kazi hiyo ilipokwisha watu wakakupongeza, kumbe wewe umefiwa. Hilo nalielewa, na ninakupa pole kwa moyo wote.

Ila usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kuihamisha alama ulikosea asubuhi moja, kwa uchungu. Kuirudisha kimya kimya ndiko kulikomvunja. Mkono umepona. Kisichopona ni kwamba miguu yake ilimwambia ukweli kwenye kona ile, naye leo anaamini ilimdanganya. Dawa yake unayo wewe, umeifungia kifuani, unamtazama akinyauka.

Eti umsomee kama habari za watu. Hapana. Usijifiche nyuma ya sauti yangu. Nimebadilisha hili na lile ili jirani asikutangulie kumwambia, lakini leo ukifika kwenye safu hii, kunja gazeti. Mwambie kwa kinywa chako, mchana huu, mkiwa mmekaa. Anza hivi: "Kona ile hukukosea." Kisha taja ulichofanya, mtaa gani, saa ngapi. Usitangulize machozi, maana ukilia atakubembeleza, na aliyevunjika ni yeye. Usiseme ulifanya kwa kumpenda. Habari za mchumba zisiingie humo kabisa. Hakukutuma umwache mtu.

Atakasirika, na ana haki. Huenda asikusemeshe mwezi mzima, huenda akahama, na mimi siwezi kukuahidi vinginevyo. Kesho nenda naye chamani, si kurudisha simu, bali ukamweleze yule fundi ukweli mbele ya mdogo wako, na umwombe amfundishe mdogo wako kuweka alama zake mwenyewe. Simu ni yake, kidole chako kisiiguse tena. Na wewe jitafutie pa kwenda saa kumi, hata kama ni kwa shoga uliyemsahau.

Siku atakaposema anatoka, usimuulize anarudi saa ngapi. Mfungulie mlango, wewe ubaki ndani.