Kilichoiua Desmodiamu ya Nakwa

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Bibi yako hajambo. Mimi pumzi zinaniishia. Kuna jambo nimewaficha majirani zetu wa Nakwa tangu nikiwa bwana mifugo kijana, na sitaki kuzikwa nalo.

Unauliza kama ututumie mbolea ya yurea ya kukuzia nyasi za ng'ombe, maana kila mtu anasema mikunde ya malisho haistawi huku. Kila mtu! Nikisikia hivyo nakasirika. Mikunde inairutubisha ardhi yenyewe, bure, na bado watu wanahangaika na mifuko ya dukani kila masika.

Miaka ile ya ujana nilipanda desmodiamu, mkunde unaotambaa, katikati ya nyasi za shamba darasa. Nikawakataza wafugaji kuingiza mifugo mpaka ishike mizizi. Kiangazi hakikuisha, ikawa imetoweka. Jirani yetu Baba Safari akanicheka: "Bwana mifugo, majani yako yamehamia Arusha?"

Nikamfokea: "Udongo wa huku umeyakataa!" Wakaniamini, kwa kuwa nilikuwa msomi.

Neema, usinunue hata mfuko mmoja. Leta mbegu. Udongo haukukataa kitu. Ng'ombe walioimaliza ile desmodiamu ikiwa changa walikuwa wangu, na lango la shamba darasa nililifungua mwenyewe.

Babu yako