Kasha Lisilo na Feni

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Imezima tena. Jua la saa tisa, kompyuta ya zizini imechemka ikajizima yenyewe. Vedasto kapiga simu kuniambia taa ya kijani haipo. Leo atalala nje na upinde, kama anavyolala tangu baba auawe palepale kwenye mlango wa zizi.

Kompyuta yenyewe ni kiubao kinachoenea kiganjani. Lakini ndicho kinachosoma kamera na kupiga king'ora mtu akigusa ule mlango. Kikiwa hai, mdogo wangu analala ndani. Kikifa, analala na ng'ombe. Na ng'ombe wenyewe ni wa mahari yangu! Mimi niliolewa kwa hao, yeye ataoa kwa hao hao. Wakiibiwa hana mke. Ndiyo maana hasikii la mtu.

Kasha la plastiki ndilo linalokipika. Natafuta la chuma.

Jumatano, 6 Agosti

Nashoni wa vipuri, jirani yangu hapa Bomani, ana aina mbili. Moja lina feni juu, matundu kila upande. La pili halina feni — aluminiamu nzito, mapezi mgongoni, mwili mzima ndio unaotoa joto. Nashoni anasifia feni, eti feni ndiyo mpango mzima. Huyu hajui zizi. Vumbi la Agosti, moshi wa mavi makavu tunayochoma jioni kufukuza nzi... feni itameza yote mpaka ikwame.

Ila chuma kizima kinabana Wi-Fi. Basi nitavuta waya mpaka kwenye modemu. Nimechukua la aluminiamu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimelijaribu nyuma ya duka, juani, kazi zote zikiwaka. Digrii hamsini na nane! Lile la plastiki lilikuwa linapita themanini. Nimecheka peke yangu hadi mteja akauliza kama simu yake imepona.

Jumamosi, 9 Agosti

Nyansurura, nyumbani kwa mama. Nimelifunga kwenye kirafu cha ukuta wa ghala, upande wa zizi. Vedasto kaligusa, akauliza mbona ni la moto. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yake, joto linatoka nje. Nikamwambia na mama: msiliwekee kitu juu. Basi. Nilikuwa nakimbilia gari.

Jumatano, 13 Agosti

Kompyuta haijazima hata mara moja. Vedasto analala kitandani kama watu. Mama anasema anakoroma mpaka kuku wanahama. Sauti yake kwenye simu imerudi ya kijana.

Jumamosi wazee wa akina Agustina, mchumba wake, wanakuja kukagua ng'ombe kabla ya kukubali. Mama anakandika nyumba. Habari imefika mpaka sokoni, kila mtu anajua zizi limejaa. Hilo silipendi.

Alhamisi, 14 Agosti

Tangu mchana kompyuta haijanitumia kipimo cha joto. Vedasto hapatikani. Mtandao wa Nyansurura bwana! Nafunga duka, nitampigia tena kesho.

Ijumaa, 15 Agosti

Mama kapiga alfajiri. Yowe limepigwa. Ng'ombe wametolewa wote, king'ora kimya. Vedasto alikuwa usingizini. Ameruka na upinde, bila shati, ameungana na wanaume kufuata nyayo. Natafuta pikipiki.

Nyansurura, mchana. Kirafu sikukiona. Ukuta umekandikwa wote, udongo na samadi, laini kabisa, mbichi. Nimekwangua kwa kucha. Kasha limo ndani, mapezi yote yamejaa udongo. Limezikwa. Taa ya kijani nayo imezikwa, nani angejua imezima?

Mama kanikuta hapo.

"Nililificha, mwanangu. Linang'aa, na wageni wanakuja. Juu yake sikuweka kitu."

Kweli, juu hakuweka. Kasha lile linapumua kwa ngozi, na mimi sikusema hivyo. Sentensi moja tu! Najua joto na waya na feni, halafu mama yangu namwachia amri bila sababu, kama mtoto.

"Mwanangu," mama akasema, "ni mimi?"

Nikamjibu hapana, mtandao ulikatika. Nimemdanganya macho kwa macho. Akaenda kunawa mikono.

Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi, hata siku ya baba.

Jumamosi, 16 Agosti

Hakuna simu. Wakwe tuliwatumia ujumbe wasije, wamekuja. Baba yake Agustina kakaa uani, hagusi chai. Agustina yuko jikoni na mama, wanamenya ndizi ambazo hakuna atakayekula.

Saa kumi. Vumbi ng'ambo ya mto. Ng'ombe — ni wetu! Nawajua, yule mweusi yuko mbele. Majirani wamekimbilia njiani, kigelegele kikaanza, kikakatika.

Wanaume wakirudisha ng'ombe huimba, wanasikika kabla hawajaonekana. Hawa wanakuja kimya. Wanne wako nyuma kabisa, wamebeba machela ya matawi, wanatembea kwa hatua moja, polepole.

Mama katoka jikoni. Macho yake hayafiki mbali siku hizi. Kanishika bega, ananiuliza Vedasto yuko upande gani.

Naandika. Nafunga daftari, nimshike mkono tuwaendee wale wanne.