Ile Adapta Haikuwa Mbovu, Mjomba

Nyumbani kwa dada yako,
Chumba cha uani.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi kilichokusumbua wakati wa mvua kimekuachia. Mama anauliza kama unakula vizuri au bado unajidanganya kwa chai. Sisi hatujambo. Mdogo wangu ameota meno mawili na sasa anatafuna kila kitu, juzi alitafuna kona ya cheti changu cha shule.

Najua utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwenye simu ningelia, wewe ungeanza kunibembeleza, na mambo yangeishia hapo. Sistahili kubembelezwa.

Ni kuhusu ile adapta uliyotutumia mwezi uliopita, ya kuunganisha vipima joto vya kiwandani na kompyuta. Ilikuwa nzima. Aliyekosea ni mimi, nikakusingizia.

Kiwanda chetu cha mikate kina matanuri matatu, na kila tanuri lina kipima joto chake. Zamani mtu alizunguka na daftari kila nusu saa akiandika namba. Meneja aliponichukua, kwa sababu wewe ulimwambia nina kichwa cha mitambo, alinipa kazi moja tu: joto lisomeke ofisini. Vipima joto vyote vinatumia nyaya mbili zilezile, nyaya zinaingia kwenye adapta yako, nayo inachomekwa kwenye kompyuta.

Viwili vilikuwa vya zamani. Cha tatu nilikitoa kwenye boksi mwenyewe, nikakifunga kwa bisibisi. Nilipowasha, skrini ikaonyesha vituko. Tanuri la kwanza mara digrii tisini, mara elfu mbili, mara mistari mitupu. La tatu halikuonekana kabisa. La pili lilisomeka vizuri muda wote, na hilo peke yake lingetosha kunifungua macho kwamba adapta ni nzima. Lakini Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu, waokaji wamejaa mlangoni na unga mikononi, na Bi Moto, mkuu wao, akauliza, "Mwanafunzi, hiyo mashine inasoma joto au inapiga ramli?"

Wakacheka. Nikasema, "Labda Mjomba alikuwa na haraka, hakuipima."

Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu, mimi ambaye shuleni nilikuwa najua jibu na bado nainamia dawati kwa haya. Palepale Meneja akakupigia simu, nikiwa nasikia, akakuambia umemletea takataka. Hukubisha. Ulisema samahani, ukatuma nyingine siku iliyofuata.

Hiyo ya pili ilipofika nikaichomeka. Vituko vilevile. Nikasubiri waokaji waende kula, nikasoma karatasi ya maelezo ya kipima joto, ambayo nilikuwa nimeitupa kwenye droo. Imeandikwa wazi: vikiunganishwa pamoja, kila kimoja kipewe namba yake. Kipya hutoka kiwandani kikiwa namba moja. Kumbe kompyuta ilipoita namba moja, kile cha tanuri la kwanza na hiki kipya viliitika kwa pamoja, kama wanafunzi wanaogombania jina wakati wa mahudhurio, na hakuna aliyesikika. Nikabonyeza vitufe, nikakipa namba tatu. Dakika mbili, Mjomba. Matanuri yote yakasomeka.

Ningeweza kusema saa ileile. Meneja akaingia, akaona skrini, akapiga makofi: "Kumbe mjomba wako mpaka atukanwe ndiyo alete kitu cha maana!" Watu wakacheka. Nami nikacheka. Kicheko hicho ndicho kinachonichoma kuliko yote.

Siku kumi nilinyamaza. Nilijiambia mambo yamekwisha, hakuna aliyeumia. Alhamisi nikamsikia Meneja akimwambia mtunza stoo kwamba vifaa vya jengo jipya la kiwanda atavichukua kwa mtu mwingine, "yule jamaa si wa kuaminika." Jamaa ni wewe, na ninajua kibanda chako cha vifaa kinasimama kwa wateja wawili watatu kama hawa.

Ijumaa asubuhi nilichomoa adapta ya pili, nikachomeka ile ya kwanza. Nilijua nikianza na maneno sauti itakauka, kwa hiyo nikawaita Meneja na Bi Moto waje watazame. Namba zikatokea, zote tatu, safi. "Hii ndiyo ile ya kwanza," nikasema. "Mjomba hakukosea. Ni mimi."

Bi Moto ndiye aliyefungua mdomo: "Makubwa! Tumemzika mzima, mgonjwa yuko hapa anatembea." Safari hii hakuna aliyecheka. Meneja akakuna kidevu, akasema, "Niliyomwambia yule bwana ni yangu, nitayafuta mwenyewe. Ya kwako kayafute wewe." Hakunifukuza. Kuhusu jengo jipya hakusema lolote, nami sikuthubutu kuuliza, kwa hiyo siwezi kukuahidi kitu.

Mchana huu nimemsomea Mama mpaka hapa. Nilitegemea kugombezwa. Alisikiliza akikunja nguo, kisha akasema kwamba siku ile ulipotukanwa ulimpigia yeye. Ulimwomba anitie moyo, kwa sababu pengine kazini watanisumbua kwa ajili ya kosa lako. Ukamsihi asiniambie.



Sikuombi unisamehe upesi kama kawaida yako. Nikasirikie kwanza, hata siku mbili. Halafu, ukipenda, niandikie, usinipigie.

Nisalimie sana mkazamjomba, na wale mapacha, waambie nimewawekea madaftari yangu ya hesabu. Babu anakusalimu, anasema umekonda kwenye picha. Mama anakusalimu na macho yake yamejaa maji, ingawa anasingizia kitunguu.

Mungu akulindie jina lako jema mahali ambapo mimi nimeshindwa kulilinda, na akufungulie riziki asubuhi na jioni.

Mpwa wako akupendaye, akuoneaye haya,
Kasauti