Vifaranga wa Shingo Tupu

Kamanthe, kaa chini kwanza. Leo mzee wa chama cha wafugaji alikuja kukagua kuku wangu wa kuchi, mbegu safi ya miaka minne. Nikafungua mashine ya kutotoa mayai nikijigamba.

Vifaranga ishirini. Wote shingo tupu!

WOTE!

Mzee akavaa miwani. "Mama Mbithe, hawa ni kuchi ama unafuga tai?"

Nikasema labda ni joto. Eti joto limewanyoa ndani ya yai 😭

Hapo hapo jogoo wa jirani Muema, kishingo asiye na unyoya shingoni, akatoka kwa banda langu polepole, kama mwenye boma.

Mzee amenifuta kwa daftari la wafugaji wa mbegu safi. Halafu akasema mayai ishirini kutotoa yote hajawahi kuona.

Akaenda kwa Muema kuomba huyo jogoo akapande kuku wake. Mimi hata hakuniaga.